Mgane Mwenye Mke

Wito wa baraza la ardhi niliukuta ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, katikati ya nyimbo za Kwaresima. Mume wangu Nestory aliuficha humo kwa kuwa anajua kwaya mimi naishonea sare tu, siimbi. Na kweli nisingekifungua, ila siku hiyo nilikosa karatasi ya kuandikia vipimo vya mteja, na kitabu kile hakikosi bahasha ya zaka.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Benki ilikuwa inamshitaki Nestory Lwakatare, mkazi wa Buhongwa, kwa kushindwa kurejesha mkopo, na inaomba baraza liamuru nyumba aliyoiweka dhamana iuzwe. Nyumba yenyewe ndiyo hii niliyokuwa nimesimama ndani yake na tepu ya kupimia shingoni. Chini waliandika kwamba mdaiwa awasilishe majibu kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja tangu kupokea wito. Na mwandiko wa Nestory, ule mzuri aliofundishwa seminari, ulionyesha tarehe aliyopokea. Siku nane zilikuwa zimeshapita.

Siku nane! Mtu siku nane anakaa mezani, anasema mchuzi wa sato leo umekolea, anauliza kama mvua itanyesha, na nyumba imo ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikachomoa pini zote kwenye kimto changu, nikarudisha kumi na tatu. Kila asubuhi ningetoa moja. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona pale Mirongo, katikati ya Mwanza, miaka ishirini, na katika kazi yangu siku ya arusi haisogezwi kwa sababu fundi aliona aibu kusema kitambaa kimeungua.

Aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Baba Nice, hii nini?"

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. "Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukuambia."

"Wakati mzuri wa kuniambia nyumba inapigwa mnada ni upi? Krismasi?"

"Sikutaka kukusumbua, Mama Nice."

Kunisumbua! Nilijua habari za lori. Miaka mitatu iliyopita alinunua lori la kuleta ndizi kutoka kwao Kagera, likafanya kazi mwaka na nusu, likapinduka Biharamulo na mikungu yake yote. Nikampa pole, nikampikia uji, nikamwambia mali hutafutwa. Alichokuwa ameniambia ni kwamba fedha za lori alichangiwa na ukoo. Kumbe ukoo wenyewe ulikuwa paa langu.

Na nisieleweke vibaya, nyumba ile si ya kurithi. Kiwanja alinunua yeye, sikatai. Lakini msingi ni sare za shule, kuta ni magauni ya komunio, na bati zote nilizinunua mwaka niliopata zabuni ya kushona majoho ya mahafali. Nikiwa kitandani mvua ikipiga bati, mimi nasikia cherehani.

Kesho yake nikapanda ngazi hadi kwa wakili Gladness, binti mmoja mwenye ofisi juu ya maduka palepale Mirongo. Joho lake la uwakili nilimshonea mimi, na mkono wa kushoto nikaurudia mara mbili bila kuongeza bei, kwa hiyo nilijua hatanipangia foleni. Akasoma wito, akasoma na viambatanisho vya benki, ukurasa kwa ukurasa. Kufika mahali akasimama.

"Mama, wewe kwa mdaiwa ni nani?"

"Mke."

"Wa ndoa?"

"Ya kanisani. Miaka kumi na sita. Cheti ninacho."

Akanigeuzia karatasi na kuweka kidole. Palipoandikwa hali ya ndoa, Nestory alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wake wa seminari: mgane. Na nyuma yake kulikuwa na cheti cha kifo cha mke.

Gladness akanisogezea maji. Cheti kilikuwa halali kabisa. Kilikuwa cha Bernadeta, mke wake wa kwanza, aliyefariki kabla mimi sijajua kwamba duniani kuna mtu anaitwa Nestory. Bernadeta ambaye kila Novemba ni mimi ninayempelekea maua kaburini! Mume wangu hakughushi kitu, hakumhonga mtu. Alichukua ukweli wa zamani akautumia mahali pa ukweli wa sasa, na mimi nikafa kimyakimya katika faili la benki, sina hata matanga.

"Sasa nisikilize, Mama," alisema Gladness, "maana hapa hasira haina kazi bado. Kitu cha kwanza ni kujibu. Hata kama mna hatia yote ya dunia, jibuni ndani ya zile siku. Mkinyamaza, benki itaomba baraza liamue bila ninyi, na litaamua. Halafu kuna njia. Kama mna uwezo, mnaomba deni lipangwe upya, lakini kwa maandishi, na makubaliano yaingizwe barazani, siyo ya kupeana mikono. Au mnaomba mwuze nyumba wenyewe kwa bei ya soko, benki ichukue chake na mnabaki na chenji, maana mnada hauna huruma. Tunaangalia pia kama notisi ya siku sitini ilitolewa inavyotakiwa, na kama riba imehesabiwa sawa."

"Na hii?" Nikagonga lile neno kwa ukucha.

"Hii ndiyo kubwa. Nyumba ya familia haiwekwi dhamana bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Wewe hukuridhia. Nakuombea uunganishwe kwenye shauri kwa jina lako, useme hivyo. Ila benki itasema, na sisi tulidanganywa, tuna cheti cha kifo. Tukipata kuonyesha kwamba walijua kuna mke, au walikuwa na kila sababu ya kujua, hapo tuna pa kusimama. Walikuja kukagua nyumba?"

"Mume wangu ni Mhaya, mwanangu. Nyumbani kwangu wageni hawakatiki. Nitamjua yupi wa benki na yupi wa ubatizo?"

"Basi lazima yeye mwenyewe aape kwamba alijaza uongo. Na nisikufiche, kiapo hicho kinaweza kumletea kesi nyingine. Na jambo la mwisho: msiandike barua yoyote benki. Wala ya kuomba radhi."

Nikarudi nyumbani nimeyashika yote hayo kichwani. Nestory akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa, akitikisa kichwa kila nilipopumua. Nilipomuuliza kwa nini aliniua, akasema fomu ilitaka mke aende benki akasaini, na wakati ule mimi nilikuwa na sare za kwaya tano za Pasaka.

"Nikaona nisikusumbue."

"Uliona nitakataa."

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Nenda kaape, Baba Nice. Sema ulivyofanya."

"Nisimame mbele ya watu niseme mimi Lwakatare ni mwongo?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeumia, utadhani ni mimi niliyemwandika marehemu. "Jambo hili ni la wazee. Nimeshampigia baba Rwehumbiza."

Mzee Rwehumbiza ni baba yake mkubwa, anaishi Muleba, na ndiye mkubwa wa ukoo. Ninamheshimu. Lakini kama kuna mtu hapaswi kuitwa pini zikiwa kumi na mbili, ni huyo. Siku hizi basi linapita juu ya daraja, mtu anatoka Muleba asubuhi na mchana yuko Mwanza. Mzee hataki daraja. Anasema maji yanavukwa majini. Akashuka Sengerema, akalala kwa jamaa yake, akaenda Kamanga, akakuta kivuko kiko kwenye matengenezo, akasubiri. Nestory kila jioni ananiambia, "Mzee amesema yuko njiani." Haraka haraka haina baraka, aliongeza siku moja, nami nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeshaanza.

Alipofika nilibakiwa na pini nane. Nikampigia magoti, shikamoo baba, marahaba mwanangu, habari za huko, nzuri, migomba, inaendelea, na mnyauko, upo upo, na ng'ombe, wazima. Kwetu Usukumani mtu ukimuuliza habari za ng'ombe anakujibu ng'ombe, mnaendelea na shida iliyowaleta. Kwa hawa watu ng'ombe ana watoto, na watoto wana majina. Siku ya kwanza ikaishia kwenye salamu na kumkumbuka nani alimwoa nani. Siku ya pili wakaja vijana wa ukoo wanaoishi hapa mjini, kikao kikakaa sebuleni kwangu kutwa nzima, na mimi nikawapikia ndizi huku Gladness ananipigia simu kuuliza nimefikia wapi.

Siku ya tatu Mzee akatoa uamuzi.

"Waitu, wenzangu, mahakama ni ya watu wasio na ndugu," alisema. "Nimeuliza. Meneja wa hiyo benki ni Mutashobya, wa Kamachumu. Babu yake na baba yangu walichunga pamoja. Tutakwenda kwake na kahawa, tuombe radhi kama watu. Akishatafuna, atamshitaki nani?"

Hapa nieleze kidogo. Wahaya wana kahawa ya kutafuna. Ni buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zinawekwa kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Mgeni akiingia, mama mwenye nyumba anamletea kwa mikono miwili, naye anachukua chache anatafuna. Si chakula. Ni kusema tuko salama mimi na wewe. Wazee wanaamini mliotafuna pamoja hamwezi kudhuriana. Nilifundishwa nilipoolewa, na naipenda desturi hiyo, Mungu ni shahidi. Lakini benki haina meno!

Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti. Vijana wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Mzee akajifanya hakusikia, akamwambia Nestory achukue kalamu, akaanza kumsomea barua. *Sisi Nestory na mke wake Dorotea, tuliokubaliana kuchukua mkopo huo, tunakiri kosa...* Niliposikia "tuliokubaliana" nikaenda mezani, nikaivuta karatasi chini ya kalamu, nikachukua mkasi wangu mkubwa nikaikata mikato miwili. Ikatoka kola nzuri ya shati la mtoto.

"Barua hakuna," nikasema. "Baba, nisamehe. Mtakwenda kwa mdomo."

Nilijua nimevuka mpaka. Nestory akanivuta hadi jikoni, nikadhani sasa atanigombeza, lakini akasema kwa kunong'ona, "Mama Nice, nipe hili moja. Mzee akishindwa, nitasaini chochote wakili wako atakachoandika. Nakuapia."

"Wewe na viapo."

"Nakuapia kwa Nice."

Nice ni binti yetu, yuko shule ya bweni Dodoma, na kwa jina lake baba yake hajawahi kusema uongo. Nikakubali. Kumbe makubaliano yalikuwa na kipengele: kahawa lazima ibebwe na mke wa nyumba.

Basi zikiwa zimebaki pini tatu, nikajikuta kwenye ofisi ya meneja wa benki, nimevaa gauni langu la Jumapili, nimeshika kikapu cha ukindu. Mbele yangu ameketi Mzee na fimbo yake, pembeni Nestory anafuta kiganja kwenye suruali. Nilikuwa na hasira ambayo ilibidi niibane kwenye kikapu ili isionekane.

Meneja Mutashobya alitupokea vizuri mno. Aliinuka, akasalimia kwa Kihaya, akaulizwa migomba, akajibu migomba. Nikamsogelea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Hapo ndipo nilipoliona koti lake. Lilikuwa la kijivu, na bega la kulia limeshonwa likavuta nyuma, aliyeliunganisha hakupunguza kichwa cha mkono. Fundi hasahau kosa la fundi mwenzake. Bega lile lilishawahi kukaa sebuleni kwangu.

Naye akachukua buni tatu, akatia mdomoni, akatabasamu.

"Shemeji Dorotea, unajua kahawa yako sijaisahau? Ile siku tulipokuja na mthamini kukagua nyumba, nikiwa bado afisa mikopo, ulitupa hii hii, kwa mikono miwili. Nikamwambia mthamini, huyu Msukuma amefundwa kuliko dada zetu."

Mzee akacheka kwa furaha. Nestory akaangalia sakafu. Mimi nilibaki nimeshika kikapu. Alijua! Alikula mikononi mwangu, akaniita shemeji, akatoka nje akapokea fomu iliyoandikwa mgane.

Mengine sikuyasikia vizuri. Nakumbuka meneja alisema, kwa heshima, kwamba shauri liko barazani na yeye hana mamlaka ya kuliondoa. Alisema mara mbili. Lakini tulipotoka nje Mzee alikuwa anatembea wepesi kama kijana.

"Ametafuna," alisema. "Limekwisha."

"Baba, amesema hana mamlaka."

"Ametafuna, mwanangu."

Nikawaacha hapo hapo nikaenda kwa Gladness, ngazi nazipanda mbilimbili na gauni langu la Jumapili. Alinisikiliza, akaweka kalamu chini, akacheka mara moja tu, kicheko kifupi cha mtu aliyeona kipande kilichopotea.

"Hiyo ndiyo hoja yetu. Lakini neno lako peke yako watasema una masilahi, na mumeo watasema ameshadanganya mara moja. Tunahitaji hati ya kiapo ya mtu mwingine aliyemsikia meneja. Huyo mzee."

Nilijua jibu kabla sijafika nyumbani. Mzee alinisikiliza akiwa ameegemea fimbo, akatikisa kichwa.

"Siwezi kumtolea ushahidi mtu niliyetafuna naye kahawa leo. Ningekuwa nani?"

"Ungekuwa mtu aliyesema kweli, baba."

"Ni mambo mawili tofauti," alisema, kwa upole kabisa, na akaomba chai.

Nilitoka nikaenda kusimama uani nikapiga kelele. Majirani wakachungulia. Niliwaambia nimeona nyoka.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Pini ya mwisho niliichomeka kwenye kola ya gauni langu, nikaenda ofisini kwa Gladness tangu saa mbili. Majibu ya Nestory yalikuwa yameandikwa, maombi yangu ya kuunganishwa yalikuwa yameandikwa, hati za kiapo mbili, ya Nestory na ya Mzee, ziko mezani zinasubiri watu wenye majina yao. Nestory nilimpigia simu mara tisa. Yuko njiani. Saa nne, yuko njiani. Saa saba, yuko njiani. Buhongwa na Mirongo hapatenganishwi na bahari.

Walifika saa nane na nusu, wote wawili. Mzee alikuwa na begi lake, anarudi Muleba jioni hiyo. Alikuja kuniaga, alisema, ili nisibaki na kinyongo. Gladness akatupeleka chumba cha pili kwa wakili mwenzake, mtu mzima asiye na haraka, maana yeye mwenyewe haruhusiwi kumwapisha mtu katika kesi anayoisimamia. Hati ya Nestory ikawekwa mbele yake. Akaisoma. Kalamu akaishika, akaiweka.

"Uliapa kwa Nice," nikamkumbusha.

"Najua." Akamgeukia Mzee. "Baba akikataa kusaini yake, mimi nikisaini peke yangu itasaidia nini? Nitakuwa nimejiaibisha bure."

Huyo ndiye mume wangu. Ukimfukuza nyuma ya kitabu cha nyimbo, anajificha nyuma ya baba yake mkubwa. Nilikuwa na maneno tayari, mengi, mengine hayafai kusemwa ofisini. Lakini Mzee alikuwa anafunga begi lake, na mikono yake, ile mikavu yenye mishipa, ikanikumbusha kitu.

"Baba," nikasema, "siku naletwa kwenu Muleba, kikapu cha kahawa alikishika nani?"

"Wewe. Bibi arusi ndiye anayeshika."

"Wa kwanza kuchukua mikononi mwangu alikuwa nani?"

Akaacha kufunga. "Mimi. Ndimi mkubwa."

"Ulitafuna?"

"Nilitafuna."

"Mutashobya umetafuna naye juzi. Mimi yangu uliitafuna miaka kumi na sita iliyopita. Nimekupikia, nimekushonea kanzu, nimemzalia mwanao. Halafu wananiandika marehemu, na wewe unaniambia huwezi kusema kwamba umesikia niko hai." Nikaweka mkono juu ya begi lake. "Kama kahawa inafunga watu, baba, mimi ulifungwa nami kwanza."

Mzee akanitazama. Alikaa kitini, akaweka fimbo kati ya magoti, akapapasa mfuko wa koti mara mbili.

"Miwani yangu iko wapi?" aliuliza.

Aliisoma hati yote, neno kwa neno, mdomo unacheza, huku mimi naangalia saa ya ukutani. Akauliza tarehe ya kwenda benki kama iko sawa. Akaapa. Akasaini polepole, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akasogeza karatasi ya pili mbele ya Nestory.

"Sasa wewe. Soma kwa sauti. Mkeo asikie."

Nestory akasoma. Kwamba, yeye ni mdaiwa katika shauri hili. Kwamba, katika fomu ya mkopo alijaza kuwa ni mgane. Kwamba, cheti cha kifo alichoambatanisha ni cha marehemu Bernadeta, aliyekuwa mke wake hapo awali. Kwamba, aliyoyajaza hayakuwa kweli, na aliyafanya ili mke wake asijue. "Kwamba, mke wangu Dorotea Maige yu..." Akanyamaza. Akajaribu tena, akakwama palepale. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye kola ya shati nililomshonea mwenyewe. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitaka kumpiga na kile kikapu.

"Yu hai," alimaliza, akasaini.

Muhuri ukagongwa. Saa tisa na dakika kumi, na masjala ya baraza hufungwa saa tisa na nusu. Nestory bado amekaa, ameshika kalamu.

"Utalia njiani," nikamwambia. "Nyanyuka."

Tulipanda bodaboda tatu, Gladness mbele na faili kifuani. Karani wa masjala alikuwa ameshafunika soda yake na kukunja gazeti. Akazihesabu nakala, akagonga mihuri ya kupokea, moja moja, kisha akafika kwenye maombi yangu akakunja uso.

"Na huyu mwombaji ni nani? Kwa mdaiwa ni nani yake?"

Nikafungua mdomo. Nestory, ambaye miaka mitatu hakutaka kunisumbua, akanitangulia.

"Mke wangu," akasema, kwa sauti iliyofanya watu wa benchi la nyuma wageuke. "Yu hai. Ndiye huyu."

Karani akainua macho, akaniangalia kuanzia kilemba hadi kwenye pini ya kola.

"Namwona, mzee," alisema. "Saini hapa."